Mwanafunzi Mpya wa Sheria Mlimani: Hosteli ya Kampasi, Mabibo, Chumba cha Kupanga au Kwa Ndugu?

Anayedahiliwa kusoma shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akitokea Sumbawanga, Bukoba, Mtwara au Pemba hulazimika kufanya uamuzi mmoja mkubwa kabla hajasikiliza hata mhadhara wa kwanza, nao ni uamuzi wa mahali pa kukaa. Muda wa kuamua huwa mfupi, kwa sababu majibu ya udahili, ya mkopo na ya maombi ya hosteli hayatoki siku moja, na wiki chache baadaye mwanafunzi anateremka Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis akiwa na begi lake na ushauri wa watu wengi usiolingana. Kaka aliyesoma hapo zamani atamwambia asithubutu kukaa nje ya kampasi. Rafiki aliye mwaka wa tatu atamwambia hosteli ni kelele tupu. Mama mdogo anayeishi Mbagala atasema nyumbani kuna chumba na hakuna haja ya kumlipa mtu kodi. Wote wanaweza kuwa wanasema kweli, kwa kuwa kila mmoja anapima kwa kipimo chake.

Hapa nalinganisha njia nne zinazowakabili wengi. Ya kwanza ni hosteli zilizo ndani ya Kampasi ya Mlimani, yaani mabweni ya zamani yanayojulikana kwa namba zake pamoja na Hosteli za Magufuli, zilizozinduliwa Aprili 2017 zikiwa na nafasi ya wanafunzi 3,840. Ya pili ni Hosteli ya Mabibo, ambayo ni ya chuo lakini iko nje ya kampasi, upande wa Barabara ya Mandela. Ya tatu ni kupanga chumba mtaani, ama katika mitaa iliyo jirani na chuo kama Changanyikeni, Msewe, Savei, Mlalakuwa na Makongo, ama mbali kidogo kama Sinza, Mwenge, Kijitonyama na Kimara. Humo nimeziweka pia hosteli za watu binafsi, kwa kuwa mambo yake mengi ni yaleyale ya mpangaji na mwenye nyumba. Ya nne ni kukaa kwa ndugu.

Vigezo vya kupimia

Ni vyema kuanza na vigezo kabla ya nyumba zenyewe, kwa sababu anayeanza na nyumba huishia kupenda vigae na dirisha akasahau kilichomleta mjini. Vigezo ni vitano: fedha pamoja na tarehe zinapotakiwa; njia na muda wa kwenda na kurudi; nafasi ya kusoma, hasa usiku; usalama, maji na umeme; na mwisho kanuni au mkataba unaomfunga mkaaji. Havina uzito sawa kwa kila mtu. Kwa mwanafunzi wa sheria naona cha tatu ndicho kinachostahili kupimwa kwa makini zaidi, kwa kuwa kazi yake haifanyiki maabara wala karakana. Hufanyika mezani, kwa kusoma hukumu ndefu, kutenganisha hoja iliyoamuliwa na maneno ambayo jaji ameyasema kwa kupita tu, kisha kuandika. Sheria ya Mikataba au Sheria ya Jinai yaweza kumtaka asome hukumu kadhaa kwa ajili ya semina moja, na katika semina hakuna pa kujificha: mtu huulizwa, na hujibu mbele ya wenzake. Mchana umejaa vipindi na foleni za ofisi, hivyo sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika baada ya jua kuzama, na mahali anapolala ndipo panapoamua saa hizo atazipata au atazipoteza.

Fedha na tarehe zake

Wengi hutegemea Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023 posho ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kwa aliyepata kiwango kamili, nayo hulipwa kwa awamu zenye hesabu ya siku 60 hivi, kwa hiyo bumu moja, yaani fedha ya awamu moja, ni karibu shilingi 600,000. Mambo mawili kuhusu bumu yanagusa moja kwa moja suala la makazi. Kwanza, laweza kuchelewa, hasa lile la mwanzo, ambalo husubiri usajili ukamilike na mwanafunzi asaini. Pili, linahesabu siku za masomo, wakati mwenye nyumba anahesabu miezi 12 ya mwaka.

Hosteli za kampasi zinakwenda vizuri na utaratibu huo. Ada yake hukokotolewa kwa siku, kwa kiwango cha shilingi mia kadhaa tu, na inahusu kipindi cha masomo. Hakuna dalali, hakuna kitanda cha kununua, hakuna bili ya umeme ya kugombania. Kinachokula fedha huko ni chakula, kwa sababu kanuni haziruhusu kupika chumbani, na mwanafunzi hula kafeteria au kwa mama ntilie siku zote za muhula. Mabibo hesabu ni hiyohiyo, ila nauli ya kila siku inaongezeka, na nauli hiyo inapaswa kuandikwa kwenye bajeti tangu mwanzo badala ya kutolewa kwenye fedha ya chakula siku kwa siku.

Kupanga kunahitaji hesabu ya kina zaidi. Tuchukue mfano wa chumba cha kawaida, kisicho masta, yaani kisicho na choo na bafu ndani, chenye kodi ya shilingi 80,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akitaka miezi sita kwa mkupuo, jambo ambalo ni la kawaida Dar es Salaam, hiyo ni shilingi 480,000. Dalali naye kwa desturi huchukua kodi ya mwezi mmoja, nayo ni 80,000. Jumla inafika 560,000 kabla ya godoro, jiko la gesi, ndoo, pazia na taa ya kusomea. Anayetegemea bumu la shilingi 600,000 peke yake amebakiwa na shilingi 40,000 za kuishi siku 60, na hapo tumechukulia kwamba bumu limefika siku ileile mwenye nyumba alipolitaka. Wawili wakichangia chumba, kila mmoja anatoa 280,000, na picha inabadilika kabisa. Pia haki itendeke kwa chumba cha kupanga: vyombo vikishanunuliwa vimenunuliwa, na anayejipikia wali, maharage na mchicha hutumia pungufu sana ya yule anayenunua sahani mbili kila siku, hivyo mwaka wa pili na wa tatu mpangaji anaweza kuwa na unafuu ambao mwaka wa kwanza haukuonekana. Kinachobaki palepale ni likizo ndefu, ambapo chumba kimefungwa, mwenyewe yuko kwao Songea, na kodi inaendelea kuhesabiwa.

Kwa ndugu hakuna kodi, lakini si kweli kwamba hakuna gharama. Kuna nauli, ambayo kwa anayetoka mbali yaweza kushinda ada ya hosteli. Kuna umeme na maji ambayo mtu mzima mwenye posho huona haya kutochangia. Na kuna misiba, ada za watoto na dharura za nyumba ambazo mwenye bumu hutazamwa kwanza. Hayo si mabaya, ndiyo maisha ya ukoo, ila yanapaswa kuingizwa kwenye hesabu.

Njia na muda

Mlimani ni kilimani kweli, kama kilomita 13 kutoka katikati ya jiji. Mkazi wa kampasi huenda darasani kwa miguu, na kipindi cha saa moja asubuhi hakimtishi. Mkazi wa Mabibo hupita Ubungo, ambapo Daraja la Kijazi, lililozinduliwa mwaka 2021, limepunguza foleni bila kuimaliza. Akichelewa kutoka asubuhi hujikuta amesimama kwenye daladala huku mhadhara umeanza.

Kwa wapangaji, mtaa mmoja hautofautiani na mwingine kwa kilomita tu. Changanyikeni na Msewe watu huingia chuoni kwa miguu, lakini kuna miteremko na vijia ambavyo wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, huwa utelezi mtupu. Sinza na Mwenge ziko kwenye Barabara ya Sam Nujoma na usafiri wake ni rahisi hata jioni. Kimara ina mabasi ya mwendokasi hadi Ubungo, kisha mtu hupanda chombo kingine. Dalali anaposema chumba kiko “dakika kumi tu kutoka chuo”, swali la kuuliza ni dakika kumi za bodaboda au za miguu, na hadi geti lipi la chuo, kwa kuwa kampasi yenyewe ni kubwa na kutoka ukingo wake mmoja hadi kwenye madarasa ya sheria ni mwendo mwingine.

Kwa ndugu, kila kitu kinategemea ndugu anaishi wapi. Shangazi wa Ubungo au Makongo ni bahati kubwa. Mjomba wa Gongo la Mboto, Mbagala, Bunju au Kigamboni maana yake ni kutoka alfajiri na kurudi usiku, na magari mawili au matatu kila upande.

Mwanafunzi wa sheria ana safari moja ya ziada ambayo wenzake wa fani nyingine hawana, yaani ya kwenda kusikiliza kesi. Kitivo cha Sheria kilipoanza mwaka 1961 kilikuwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, mjini kabisa, na mahakama zilikuwa jirani. Tangu kuhamia Mlimani mwaka 1964 wanafunzi huteremka mjini kuzifuata. Mwendokasi wa kutoka Ubungo hadi Kivukoni umerahisisha safari ya kwenda Mahakama Kuu, na aliye Mabibo, Kimara au Ubungo yuko karibu nao zaidi kuliko aliye Changanyikeni. Halikadhalika, Sinza na Kijitonyama huwa na maana zaidi miaka ya mbele: Shule ya Sheria kwa Vitendo iko Sinza, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiko Kijitonyama. Kwa mwaka wa kwanza, hata hivyo, nisingezipa faida hizo uzito mkubwa, kwa sababu siku nyingi za mwaka huo huishia kilimani.

Nafasi ya kusoma

Chumba cha hosteli, cha kampasi au cha Mabibo, si mahali pa kusomea. Wanakaa watu kadhaa wa fani mbalimbali, kila mmoja ana ratiba yake. Mwenye mtihani anataka kimya usiku ambao mwenzake amemaliza wake na anataka muziki. Anayechagua hosteli kwa matumaini ya kusoma akiwa kitandani atavunjika moyo mapema. Faida ya kampasi iko nje ya chumba: maktaba mpya iliyozinduliwa Novemba 2018, vyumba vya mihadhara vinavyobaki wazi jioni, na vimbweta.

Asiyewahi kufika Mlimani anaweza kuvidharau vimbweta, kwa kuwa ni meza na mabenchi ya zege tu chini ya miti. Lakini hapo ndipo sheria nyingi hufundishwa na wanafunzi wenyewe. Wanakaa watano, mmoja anasoma maelezo ya kesi kwa sauti, wa pili anasimama upande wa mrufani, wa tatu anamjibu kwa niaba ya mjibu rufani, na wawili waliobaki wanakatiza kila hoja isiyo na msingi. Anayeshindwa kueleza kwa nini jaji aliamua hivyo hugundua kwamba alikuwa amekariri tu. Wiki za kabla ya mitihani, wakati watu wanapiga msuli kwa hofu ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, kimbweta huwahiwa tangu mchana kwa kuachiwa daftari juu yake. Majadiliano hayo, pamoja na mazoezi ya mahakama ya mfano, hushika kasi jioni. Mkazi wa kampasi huondoka anapotaka na kutembea hadi kitandani. Mkazi wa Mabibo huanza kutazama saa mapema, akiwaza daladala, ingawa naye ana wenzake wa darasa hukohuko hosteli wa kuendelea nao. Mpangaji wa Sinza na mgeni wa mjomba Mbagala wamekwisha kuaga.

Chumba cha kupanga, kwa upande wake, kinaweza kumpa mtu kitu ambacho hosteli haina: meza yake, taa yake, na mlango anaoufunga mwenyewe. Kwa anayesoma vizuri akiwa peke yake, hilo ni jambo kubwa. Lakini kimya cha mtaani lazima kihakikiwe. Chumba kitazamwe mara mbili, mchana na tena saa tatu usiku, na macho yawe kwa majirani kuliko kwa kuta: baa, ukumbi wa sherehe, fundi wa kuchomelea vyuma, vipaza sauti vya ibada, banda la kuonyesha mpira. Nyumba inayoonekana tulivu Jumanne saa tano asubuhi yaweza kuwa kitu kingine Ijumaa usiku. Suala la intaneti nalo lisisahaulike. Hukumu za mahakama zetu zinasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII, na mwanafunzi atazihitaji kila wiki. Akiwa kampasi hutumia mtandao wa chuo, akiwa mtaani hutumia bando lake. Mpangaji mwangalifu hupakua hukumu zote za wiki kabla hajaondoka kilimani.

Kwa ndugu, utulivu hutegemea nyumba na nafasi aliyonayo mgeni ndani yake. Ziko nyumba ambazo baba mkubwa ataamuru televisheni izimwe kwa sababu “wakili anasoma”. Ziko pia ambazo mwanafunzi wa chuo kikuu huwa mwalimu wa tuisheni wa watoto wote, mtumwaji wa sokoni, na mlinzi wa nyumba wenyeji wakisafiri, naye hawezi kukataa kwa sababu anakula chakula chao. Swali la kuuliza kabla ya kukubali ni dogo: je, kuna meza na kiti ambavyo vitakuwa vyake kuanzia saa mbili usiku?

Usalama, maji na umeme

Hapa sitakaa sana. Kampasi na Mabibo zina walinzi na uzio, na wizi unaotokea humo mara nyingi ni wa simu na kompyuta zilizoachwa chumbani mlango ukiwa wazi. Kampasi ina pia kituo cha afya cha chuo, faida ambayo mtu huielewa siku malaria inapompata usiku.

Mtaani, tazama fensi na uulize geti hufungwa saa ngapi na nani ana ufunguo, kwa kuwa anayesoma maktaba hadi usiku asije akalala nje. Mwanafunzi wa kike apite njia ya kutoka kituoni hadi nyumbani baada ya giza, akiwa na mtu, kabla hajatoa hata shilingi moja. Maji yaulizwe kwa wapangaji wenyewe: yanatoka siku ngapi kwa wiki, na yasipotoka dumu linanunuliwa wapi. LUKU ya kuchangia, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla, ni chanzo kikubwa cha ugomvi katika nyumba za vyumba vingi, kwa sababu mwenye taa moja na kompyuta hutakiwa kulipa sawa na mwenye friji na pasi. Wanaotazama vyumba vya bei nafuu upande wa Sinza na Kijitonyama wajue pia Mto Ng’ombe unapita wapi, na waulize maji yalifika wapi mvua kubwa iliyopita. Kwa ndugu, ulinzi mkubwa ni wa watu: ukiugua, kuna atakayegundua.

Kanuni na mkataba

Hosteli za chuo zina kanuni za wageni, za kupika, za utulivu, na za nani anaruhusiwa kulala kwenye kitanda kipi. Hii ya mwisho ndiyo inayovunjwa zaidi, kwa njia ya kubebana, yaani mwenye nafasi kumlaza asiye nayo. Nia huwa njema, na wengi wamemaliza chuo kwa kubebwa na rafiki. Lakini anayebeba anahatarisha nafasi yake, anayebebwa hana haki yoyote anapoambiwa aondoke, na kitanda cha mtu mmoja kikilala wawili wote wawili huenda darasani wamechoka. Kubebana kwa siku chache wakati wa kutafuta chumba kunaeleweka. Kubebana kwa mwaka mzima si mpango.

Mtaani hali ni tofauti, na mwanafunzi wa sheria anapaswa kuifahamu vizuri kuliko wapangaji wengine. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiasi cha kodi na kipindi cha kulipa ni makubaliano ya pande mbili. Maana yake ni kwamba mkataba ndio kinga ya kwanza ya mpangaji. Uandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja. Utaje majina ya pande zote, chumba chenyewe, kodi na kipindi kilicholipiwa, mchango wa umeme na maji, notisi ya kuondoka au kuondolewa, na kitakachotokea kwa kodi iliyobaki mpangaji akihama mapema. Kila malipo yawe na risiti au ujumbe wa muamala wenye jina la mpokeaji, na ofisi ya serikali ya mtaa ni mahali pazuri pa kushuhudia saini.

Kabla ya saini, hata hivyo, kuna swali ambalo vijana wengi huona aibu kuliuliza: nyumba ni ya nani? Anayeonyesha chumba anaweza kuwa mmiliki, msimamizi, mpangaji mkubwa anayepangisha wengine, au mmoja wa warithi katika mirathi ambayo bado haijatulia, na katika hali hii ya mwisho kodi iliyolipwa kwa kaka yaweza kudaiwa tena na dada. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa na majirani huwa wanajua. Nawasihi pia wanaotafuta vyumba wakiwa bado mikoani: msitume fedha kwa dalali kwa sababu ya picha za WhatsApp, hata akisema kuna watu watatu wanakisubiri chumba hicho. Kama ni lazima kukishika, atumwe ndugu au rafiki aliye Dar es Salaam akakione na kuonana na mwenye nyumba ana kwa ana. Mgogoro ukitokea, baraza la kata linaweza kupatanisha, na shauri lenyewe hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini shauri huchukua muda, na mtihani wa muhula hausubiri.

Kwa ndugu hakuna karatasi, na ndiyo sababu mazungumzo yafanyike mapema. Afadhali mzazi mwenyewe apige simu, aeleze kwamba mtoto atarudi saa fulani siku za majadiliano, kwamba kipindi cha mitihani hatapatikana kwa kazi nyingi, na kwamba atachangia kiasi fulani. Mwenyeji akiyasikia hayo kwa mzazi huyapokea kama heshima. Akiyasikia miezi mitatu baadaye kwa mwanafunzi, huyapokea kama kiburi.

Kila njia na mtu wake

Hosteli ya kampasi inamfaa asiye na fedha ya kuanzia, asiyelijua jiji, mwenye ulemavu au tatizo la afya, na yule anayejifunza kwa kubishana na wenzake. Haimfai sana anayeshindwa kabisa kulala penye watu wengi. Mabibo inamfaa mwenye mahitaji hayohayo aliyekosa nafasi kilimani, ambaye ana nidhamu ya kuamka mapema na haoni tabu kulijua jiji tangu mwanzo. Chumba cha kupanga kinamfaa mwenye akiba ya nyumbani au mwenzake wa kuaminika wa kuchangia, anayependa kusoma peke yake, mtu mzima aliyezoea kujitegemea, na mwenye mtoto au mwenzi, kwa kuwa hosteli hazikujengwa kwa ajili ya familia. Kwa ndugu panamfaa mwenye ndugu wa karibu kwa damu na kwa njia pia, na yule ambaye bila mtu wa kumwangalia angeyumba.

Kuamua kwa hali yako

Ukiwa na mkopo na huna fedha nyingine yoyote, omba hosteli ya kampasi, na usiikatae Mabibo ikitokea. Soma tangazo la mwaka wako mwenyewe, kwa sababu utaratibu wa kugawa nafasi hutangazwa na chuo na unaweza kubadilika. Mwenye ulemavu awasiliane na ofisi zinazohusika kabla ya kusafiri, akiwa na nyaraka zake, asingoje kufika.

Ukiwa umekosa hosteli na una ndugu mjini, hata wa mbali, omba kukaa kwake kwa wiki za mwanzo, na useme wazi kwamba ni kwa wiki hizo. Tumia muda huo kuwajua wanafunzi wa darasa lako, umpate mmoja ambaye tabia yake ya kusoma inalingana na yako, kisha mkatafute chumba pamoja Msewe, Changanyikeni au Mlalakuwa, mkitembea kwa miguu na kuuliza kwa wapangaji kabla ya kumwendea dalali.

Ukiwa na ndugu Ubungo, Sinza au Makongo anayekupokea kwa moyo mweupe na kuna meza ya kusomea, kaa hapo mwaka wa kwanza bila wasiwasi, na panga siku mbili au tatu za wiki utakazobaki chuoni hadi jioni. Ndugu akiwa Mbagala au Bunju, mpango huohuo utakuchosha kabla ya muhula kuisha. Afadhali Mabibo, na nyumbani kwa ndugu uende mwisho wa juma.

Ukiwa na uwezo wa kupanga na unajijua kuwa huwezi kusoma penye watu, panga karibu na chuo hata kama chumba ni kidogo, kuliko masta iliyo Kimara. Lipa miezi mitatu kama mwenye nyumba anakubali, ingawa wengi wataomba sita, ili uweze kuhama ukigundua kwamba mahali hapakufai.

Na ikiwa umekwisha kulipa kodi ya miezi sita, kisha jina lako likatokea kwenye orodha ya hosteli, usikimbilie kuikataa nafasi wala kukiacha chumba. Fungua mkataba wako, tazama kama unaruhusu kumwachia mtu mwingine, kisha mfuate mwenye nyumba ukiwa umeongozana na mwanafunzi aliyekosa hosteli ambaye yuko tayari kukulipa kodi ya miezi iliyobaki. Akikubali, andikeni mabadiliko hayo nyote watatu na msaini. Akikataa, linganisha kodi utakayoipoteza na nauli utakayoiokoa pamoja na saa za usiku utakazozipata kampasini hadi mwisho wa mwaka, ndipo uijibu ofisi ya hosteli kabla ya tarehe waliyoiweka.